Mama Masizi Anavua Ovaroli Baada ya Miaka Thelathini na Mitatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa karakana ya magari ya hospitali yetu atakabidhi funguo za kabati lake la vifaa na kuondoka akiwa mstaafu. Ametumikia miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo si yangu, ameipiga mwenyewe. Nilipomwambia kwamba siku kumi na moja si kitu katika miaka yote hiyo, alinijibu kwamba siku kumi na moja zinatosha kushusha injini na kuirudisha mara mbili.

Jina lake halisi lipo kwenye barua za ofisi, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia wodini hadi getini anaitwa Mama Masizi. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri. Dirisha langu linatazamana na benchi lake la kazi, na kwa miaka ishirini na miwili nimempa nati, gasketi, mipira na grisi, naye amenipa makaripio kila nilipochelewa. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa lugha safi na bila kutia chumvi. Kwa lugha nitajitahidi. Chumvi haihitajiki, mwenyewe ana ladha ya kutosha.

Siku alipokuja kuripoti kazini alikuwa na cheti cha ufundi wa injini za dizeli ndani ya bahasha ya kaki. Mkuu wa karakana wa wakati huo alimtazama mara moja tu, hakuomba hata bahasha, akamwelekeza chumba cha wapiga chapa. Hakubishana. Alikwenda. Huko akamkuta mpiga chapa anahangaika na mashine iliyokwama. Akaazima bisibisi, akaifungua, akatoa kipande cha karatasi kilichojikunja ndani, akaifunga. Kisha akarudi karakana na kumwambia mkuu kwamba kazi ya kwanza ameimaliza, sasa anaomba ya pili. Mkuu yule, ambaye naye alistaafu zamani, alikisimulia kisa hiki kwenye kila sherehe huku akicheka hadi machozi yakamtoka, na alipenda kusema kwamba katika maisha yake hajawahi kuaibika vizuri kama siku ile.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya injini za kizamani, zile ambazo fundi alizitibu kwa spana, sikio na subira. Baadaye yakaja magari mapya ya wagonjwa, sita kwa mpigo, meupe pe, yenye kompyuta ndani na taa ya njano kwenye dashibodi iliyokuwa inawaka bila hodi. Kila injini ilikuja na kidude ambacho karakana yetu haikuwahi kukiona: vali ya kurudisha moshi, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, EGR.

Kazi ya vali hiyo hata mtunza stoo anaweza kuieleza. Moshi wa injini hautoki wote nje kwa bomba la ekzosi. Vali hufunguka kidogo na kurudisha sehemu ya moshi ndani, ili moto wa injini usiwe mkali kupita kiasi na usizalishe ile gesi inayokereketa kifua. Kabla ya kurudi, moshi hupita kwenye kipozeo, yaani kibomba kinachozungukwa na maji ya rejeta, ili upoe. Matata yapo kwenye masizi. Moshi wa dizeli huyabeba, nayo huganda kwenye vali kama ukoko chini ya sufuria. Vali ikikwama ikiwa wazi, gari linakosa nguvu na kutapika moshi mweusi. Ikikwama ikiwa imefungwa, injini inagongagonga na ile taa ya njano haizimiki hata uipigie magoti.

Mafundi wengi waliikimbia vali hiyo. Yeye alikwenda nayo nyumbani. Miezi mitatu mfululizo alisoma kitabu cha magari yale ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni, kwenye meza pekee waliyokuwa nayo sebuleni. Mume wake ni fundi cherehani. Alikuwa akishona upande mmoja wa meza, na mkewe upande wa pili akiisugua vali kuukuu kwa mswaki juu ya gazeti. Binti yao mkubwa, ambaye leo ni mwalimu, anasema alifikisha miaka kumi na miwili ndipo akagundua kwamba kwenye nyumba za wenzake meza ni ya kulia chakula.

Jina alilipata kipindi hicho. Asubuhi alikuwa anaingia na ovaroli iliyoshonwa na mumewe kwa vipimo vyake na kupigwa pasi. Ikifika saa sita, yanaonekana macho na meno tu. Siku moja muuguzi wa wodi ya watoto alimwona anapita uani, akasema kwa sauti, "Mama Masizi huyo!" Watoto wakarudia dirishani, na tangu siku hiyo jina limegoma kutoka hata kwa sabuni ya unga.

Wengine watamkumbuka kwa mikono yake. Mimi nitamkumbuka kwa maswali. Gari likiletwa, hafungui boneti. Anamkalisha dereva kwenye kiti cha mbao na kumhoji kama daktari anavyomhoji mgonjwa. Linasumbua asubuhi au likishapata moto? Ukipanda mlima au ukiwa tambarare? Moshi ni wa rangi gani, na ulianza ghafla au kidogokidogo? Madereva wapya walikuwa wakinong'ona kwamba mama huyu anapoteza muda, mashine ya kupimia ipo, si aichomeke tu. Naye alikuwa akiwaambia kwamba mashine itakutajia mtaa, lakini nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kulikuwa na wakati ikazuka fasheni ya kuziba vali hizi. Fundi anakata kipande cha bati, anakipachika pamoja na gasketi, moshi haurudi tena, masizi kwaheri. Msimamizi wa usafiri aliipenda sana fasheni hiyo, akaleta pendekezo kwenye kikao ili magari yote sita yazibwe. Mama Masizi aliomba dakika kumi. Akawatoa wajumbe kikaoni, akawapeleka mpaka pale magari ya wagonjwa yanaposubiri huku injini zikiunguruma. Ni chini ya madirisha ya wodi ya watoto. Akawaeleza kwamba gesi inayopunguzwa na vali ile haionekani kwa macho, lakini kifua cha mtoto kinaijua. Kisha akamkabidhi msimamizi kalamu na kumwambia, "Kama tunaziba, basi saini hapahapa, chini ya madirisha." Msimamizi alitazama juu, ambako vichwa viwili vitatu vya watoto vilikuwa vikichungulia, akairudisha kalamu. Badala ya kuziba, yakapitishwa mapendekezo yake: vali zisafishwe kwa ratiba, na kila wiki kila gari likimbizwe barabara ndefu, kwa kuwa safari fupifupi ndizo zinazojaza masizi. Ratiba hiyo inafuatwa mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho yeye mwenyewe alisisitiza kisiachwe. Nilipomwambia kwamba wasifu wa mstaafu ni mahali pa kusifu, alisema basi na kisa hicho nikiweke, la sivyo hatahudhuria.

Ni miaka kumi na minne iliyopita. Gari namba nne lilikuwa mikononi mwa dereva tuliyemwita Taratibu. Huyu ni dereva wa gari la wagonjwa aliyeendesha kama amebeba mayai, na bado alifika mapema kuliko wenzake kwa sababu hakuwahi kukwama njiani. Kila asubuhi alipima maji na oili kabla hata hajasalimia watu. Siku moja namba nne likarudi likiwa limevutwa. Injini ilikuwa imechemka, rejeta haina maji, na bomba la ekzosi lilikuwa limetoa moshi mweupe kama mvuke wa birika.

Mama Masizi alipima na kusema gasketi ya kichwa cha injini, lile bamba jembamba linalozuia maji na moto visikutane, imeungua. Injini ikafunguliwa, gasketi ikabadilishwa, gari likatengemaa. Kamati ya usafiri ilipokaa iliuliza swali moja: gasketi inaunguaje kama dereva hakuendesha injini ikiwa haina maji? Taratibu alisema maji aliyapima asubuhi ile kama siku zote. Hakuna aliyemwamini. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, na wenzangu waliponyoosha mikono nami niliunyoosha wangu. Taratibu aliponea chupuchupu kumwaga unga. Alivuliwa udereva akapelekwa getini, kazi yake ikawa kuinua na kushusha kile chuma cha kuzuia magari.

Ukapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi wa nne dereva mpya wa namba nne akaja karakana analalamika kwamba maji yanapungua lita nzima kila baada ya siku mbili, na sakafuni hakuna hata tone. Nilikuwa dirishani kwangu na nilimwona Mama Masizi akisimama ghafla, spana mkononi, kama mtu aliyeitwa jina na asijue ni nani amemwita.

Aliifungua vali ya kurudisha moshi, akaingiza kidole ndani. Masizi ya kawaida ni makavu. Haya yalikuwa yamelowa kama tope. Akakitoa kipozeo, akaziba matundu yake, akakitia upepo kwa pampu ya baiskeli na kukizamisha kwenye beseni la maji. Hakikutoa kitu. Fundi mwingine angekirudisha pale pale. Yeye aliwaza kwamba kipozeo hakifanyi kazi kikiwa baridi. Akaenda kwa dobi wa hospitali, akarudi na ndoo ya maji yanayochemka, akayamimina kwenye beseni na kukizamisha tena. Vipovu vikaanza kupanda, vidogo, mfululizo. Ndani ya kipozeo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, uliokuwa ukifunguka kwa joto. Maji ya rejeta yalipenya hapo na kuondoka na moshi. Hakuna dereva, hata angepima maji kila nusu saa, ambaye angeliona tundu hilo.

Akaja dirishani kwangu na ovaroli iliyolowa. Akaniuliza kama ile gasketi ya zamani bado ipo, kwa kuwa kwenye stoo yangu huchukui kipuri kipya bila kurudisha cha zamani. Ilikuwepo, ina kibandiko cha tarehe. Tuliitazama pamoja kwa tochi, pande zote mbili. Haikuwa na alama ya kuungua hata mahali pamoja.

Akasema, "Niliiona hivi hivi siku ile. Niliiona nzima, nikajiambia macho yangu ndiyo mabovu, kwa sababu nilishasema ni gasketi."

Nilimwambia anywe maji kwanza. Hakunywa. Aliichukua gasketi na kutoka, nami nikafunga dirisha la stoo saa za kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baada ya hapo, nikamfuata.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye stuli ya getini. Alipotuona alisimama.

"Kaka," Mama Masizi alianza, "hii ndiyo gasketi iliyokuondoa kwenye gari. Haikuungua. Maji yalikuwa yanapotelea kwenye kipozeo cha moshi. Wewe uliyapima kama ulivyosema. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu ndilo limekuweka hapa."

Taratibu aliishika gasketi, akaigeuza.

"Miezi minne," akasema.

"Miezi minne," Mama Masizi akaitika.

"Mwanangu ananiuliza kofia ya udereva iko wapi. Namwambia imepelekwa kufuliwa."

Gari likapiga honi. Taratibu akamrudishia gasketi, akainua chuma, akalipitisha gari, akakishusha. Nasi tukaondoka.

Siku hiyo hiyo Mama Masizi aliandika barua kwa mkuu wa utawala, kurasa mbili, akieleza kosa lake hatua kwa hatua. Wakati huo cheo cha fundi mkuu kilikuwa wazi na kila mtu alijua kinamwendea yeye. Mkuu wa utawala, aliyekuwa anampenda, alimwita na kumsihi, "Mama, kwa nini unajichongea? Jambo lenyewe limeshapita."

"Halijapita, Mkuu," alijibu. "Liko pale getini, linafungua na kufunga."

Mimi niliomba kuiongeza saini yangu chini ya yake, maana mkono ulionyooshwa kamatini ulikuwa wangu. Ilikuwa saini mbaya kuliko zote nilizowahi kutia.

Ndani ya wiki moja Taratibu alirudishiwa gari lake, pamoja na barua ya kuombwa radhi. Mama Masizi alipewa onyo la maandishi, na cheo kikaenda kwa mwingine. Alikipata hatimaye, lakini baada ya miaka mitano. Sijamsikia akilalamika kuhusu hilo hata siku moja, na mnajua kwamba kulalamika anakuweza, muulizeni yeyote aliyewahi kuweka kikombe cha chai kwenye benchi lake.

Lililomuuma ni jingine. Taratibu alirudi kazini lakini hakurudi kwake. Alileta gari kwa ratiba, akasema "za kazi" huku anatazama funguo, akaondoka. Zamani wangeketi wakabishana nusu saa nzima juu ya sauti ya tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Sasa alijibu maswali yake kwa neno moja moja. Hali hiyo iliendelea miezi minane, na Mama Masizi aliipokea kama deni la haki, bila kujitetea.

Halafu ikaja ile Jumatano, kama saa tano asubuhi. Simu ya karakana iliita dirishani kwangu. Alikuwa Taratibu. Alikuwa na fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ameumia vibaya nyonga na anapoteza damu, na muuguzi mmoja yuko naye nyuma. Walikuwa katikati ya ule mlima mrefu, na gari limekataa kupanda. Gari jingine la karibu lingehitaji dakika hamsini kufika.

"Nipe Mama Masizi," akasema. Sikumwambia asubiri. Nilipiga kelele. Alikuja mbio, akaweka spika.

"Moshi?" aliuliza.

"Mweusi tii."

"Umeanza ghafla?"

"Ghafla, kwenye kona ya pili. Nguvu imekatika kama nimeshikwa na mtu kwa nyuma. Nikiachia mafuta linatetemeka kama lina homa."

"Na maji?"

"Maji yapo. Nimeyapima asubuhi."

"Najua umeyapima, kaka," akasema. Kisha akaendelea. "Vali imekwama wazi. Zima injini, fungua boneti, vaa glavu maana hapo ni moto. Upande wako wa kulia kuna kidude cha duara kama kopo lililobonyea. Juu yake kuna mpira mwembamba kama kalamu."

"Nimeuona."

"Chomoa. Huo ndio unaoivuta vali ifunguke. Sasa uzibe mdomo wake kwa skrubu."

"Skrubu sina."

"Una nini?"

Tulimsikia akiuliza nyuma ya gari. Kisha, "Muuguzi ana kifuniko cha sindano."

"Kinafaa sana. Kisukume kikaze. Halafu kigonge kile kidude kwa mpini wa spana, mara tatu, taratibu."

"Taratibu?"

"Taratibu, Taratibu!"

Hakuna aliyecheka, wakati ule. Tulisikia milio mitatu ya chuma, mlango, kisha injini ikikohoa, ikasita, ikanguruma.

"Limeamka!" Taratibu alipaza sauti. "Limeamka, dada, linavuta!" Simu ikakatika.

Waliingia getini baada ya dakika kumi na nane. Fundi mwashi alilazwa wiki sita na kutoka kwa miguu yake, na ukuta wa karakana mnaousifu kwa kunyooka aliupiga lipu yeye, baadaye, kwa hiari yake mwenyewe, na hakutaka kusikia mtu akimkataza.

Kesho yake asubuhi Taratibu alileta namba nne karakana. Kifuniko cha sindano kilikuwa bado kimechomekwa kwenye mpira. Alifungua boneti mwenyewe, akaenda kuketi kwenye kiti cha mbao, akasubiri kuhojiwa. "Umeamkaje, dada?" akasema. Mama Masizi akamjibu kwamba ameamka salama, halafu akaja haraka dirishani kwangu kuomba kitambaa, akidai masizi yamemwingia machoni. Saa hizo ilikuwa saa moja na nusu. Alikuwa hajagusa injini yoyote.

Mengine nitayataja kwa ufupi kwa sababu kamati imenipa kurasa chache. Katika miaka kumi na minne tangu kisa hicho, hakuna injini ya karakana yetu iliyofunguliwa kabla kipozeo hakijapimwa kwa maji ya moto. Kanuni hiyo ameibandika ukutani, na chini yake ameandika, "Nilikosea hapa ili wewe usikosee." Mafundi kumi na tisa kutoka karakana nyingine wamekuja kujifunza kwake. Mchoro wake wa rangi za moshi, mweupe, mweusi na wa bluu, pamoja na maana zake kwa Kiswahili kinachoeleweka, uko kwenye kila gari letu. Tangu awe fundi mkuu, gari la wagonjwa halijakosekana zamu zaidi ya siku mbili.

Ana mapungufu pia, nisije nikaambiwa nimemchora malaika. Haimbi vizuri na anaimba sana. Na fundi huyu anayeweza kusikia vali ikikwama kutoka ng'ambo ya uwanja hajawahi kujua kurudisha gari nyuma. Lango la karakana lina mibonyeo miwili, yote ni ya kwake, na miaka yote Taratibu amekataa katakata isinyooshwe.

Jumatatu ya wiki iliyopita niliona jambo ambalo napenda mlijue. Gari la idara ya dawa liliingia likiwa na taa ya njano na nguvu kidogo. Mafundi wawili watakaompokea kazi, mwanamama mmoja na kijana mmoja, wakamhoji dereva, wakachomeka mashine. Mashine ikasema moshi unaorudi ni kidogo. Mama Masizi alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, mikono mifukoni. Yule kijana akaja dirishani kuulizia vali mpya. Nilimtazama Mama Masizi. Alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile ya kukaa kimya.

Kabla sijaishusha vali kutoka rafu, mwanamama akamwita mwenzake arudi. "Hebu ngoja. Kwani tumejua kwamba vali ndiyo mbovu?" Wakaivuta kwa pampu ya mkono. Vali ikafunguka vizuri, ikashikilia, ikafunga. Basi si yenyewe. Wakaendelea mbele, wakafungua bomba la kuingizia hewa, na humo wakakuta njia ya moshi, iliyopaswa kupitisha vidole viwili, imeganda masizi mpaka ikabaki tundu la kupitisha mrija wa soda. Wakaikwangua, wakaiosha, wakafunga, wakawasha. Taa ikazimika. Wakapigana mikono mabegani na kumwita dereva wajaribu barabarani.

Katika hayo yote hakuna aliyegeuka kumtazama Mama Masizi ili kujua kama wamepatia. Gari lilipotoka alibaki amekaa kidogo. Kisha akashuka, akaenda bombani, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi, akaifuta kidole kimoja kimoja. Alipopita dirishani kwangu alisema neno moja tu, "Tayari," na sijui alikuwa anaisema karakana au anajisema mwenyewe.

Nimemuuliza atafanya nini kuanzia Jumamosi. Anasema kuna safari ya basi ya siku nzima hadi kwa mwanawe wa kiume, ambaye amempa mjukuu wa kwanza. Atakwenda na mume wake, na wamekubaliana kwamba yeye atakaa dirishani. Kwa miaka thelathini na mitatu, anasema, hajawahi kupanda gari bila kusikiliza injini, na angependa sasa kujua watu huwa wanatazama nini huko nje. Mume wake ameniambia kwa siri kwamba haamini hata kidogo, na kwamba amejiandaa kumshika mkono dereva atakapoongeza mwendo mlimani.

Mama, kwa niaba ya mafundi, madereva, wauguzi na wote tuliowahi kufika salama kwa sababu uliuliza swali moja zaidi, tunasema asante. Panda basi lako, egemea kiti, tazama miti na maduka na watu wakipita. Injini iwe ya mwenyewe, mjukuu awe wa kwako. Siku zako zilizo mbele ziwe njema na nyingi, na amani ikujae mpaka basi lianze kutoa moshi mweusi nawe uwe umesinzia.